Barua kwa mwanangu: Jua ni lile lile

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu uliniambia kuwa dunia inazidi kupata joto kwa sababu jua limezidi kuwaka. Nikakuitikia tu, tukaagana. Tangu hapo moyo wangu haujatulia, maana wazo hilo wanalo watu wazima wengi na sitaki ukue nalo. Nimeona nikuandikie, uwe unasoma polepole na kurudia panapokutatiza.

Mwanga unaokuangukia hivi sasa ulitoka juani dakika nane na kitu zilizopita. Unapofika juu ya angahewa, kila mita ya mraba inayolielekea jua hupokea takriban wati 1,361. Lakini dunia ni tufe, na nusu yake huwa gizani, hivyo ukiigawa nishati hiyo kwa uso wote wa dunia, usiku na mchana, unabaki na wastani wa wati 340 kwa kila mita ya mraba. Na hata hizo hazikai zote. Kiasi cha asilimia 30 hurudishwa angani na mawingu, barafu, theluji na mchanga wa majangwa. Kinachobaki hunywewa na bahari, ardhi na hewa. Kwa kuwa ikweta hupata kingi kuliko ncha za dunia, hewa na maji ya bahari havitulii, vinasafirisha joto kutoka kwenye ziada kupeleka kwenye upungufu. Upepo na mvua unazozijua chanzo chake ni safari hiyo.

Sasa shika hili, ndilo kiini cha barua yangu. Chochote kilichopata joto nacho hutoa joto. Jua likishazama, sogeza kiganja karibu na ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa. Utalihisi joto kabla hujaugusa, ingawa huoni kitu. Dunia nzima inafanya hivyo, inatupa joto lake angani kwa miale isiyoonekana kwa macho. Hewa iliyouruhusu mwanga kuingia haiiruhusu miale hiyo itoke kwa urahisi. Nitrojeni na oksijeni, ambazo ni karibu hewa yote tunayovuta, haziizuii. Wanaoizuia ni wachache: mvuke wa maji, hewa ukaa, methani na wenzao. Huinasa, kisha huitoa tena kila upande, na sehemu yake hurudi chini kwetu. Bila hao wachache, wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Tunao, ndiyo maana ni kama 15 juu ya sifuri. Kwa hiyo usizichukie gesi hizo, mwanangu. Tunaishi kwa sababu zipo.

Tazama mwezi. Uko umbali ule ule na sisi kutoka juani, lakini hauna angahewa ya kuufunika: mchana wake hupita nyuzijoto 100, usiku wake hushuka zaidi ya 100 chini ya sifuri. Kisha itazame sayari ya Zuhura. Iko karibu na jua kuliko sisi, ndiyo, lakini mawingu yake meupe hurudisha takriban robo tatu ya mwanga unaoifikia, hata nishati inayobaki nayo ni ndogo kuliko yetu. Pamoja na hayo, uso wake una nyuzijoto zipatazo 460. Hewa yake ni nzito mno, na karibu yote ni hewa ukaa. Nilipolijua hilo mara ya kwanza nilishindwa kulala.

Mwanamke mmoja wa Marekani, Eunice Foote, alilipima jambo hili mwaka 1856 kwa vyombo vya kioo alivyovijaza hewa za aina mbalimbali na kuviweka juani. Chenye hewa ukaa kilipata joto kuliko vingine, na kilipoondolewa juani kilichelewa sana kupoa. Akaandika kwamba angahewa yenye gesi hiyo kwa wingi ingeipa dunia joto kubwa. Kwenye mkutano wa wanasayansi, aliyeiwasilisha kazi hiyo hakuwa yeye, alikuwa mwanamume. Huniuma kila nikikumbuka.

Je, jua limebadilika? Setilaiti zinalipima tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Lina mzunguko wake wa miaka 11 hivi, madoa yake yakiongezeka na kupungua, na tofauti ya nguvu yake kati ya kilele na bonde ni kama asilimia 0.1 tu. Katika muda huo wote halikuonyesha kupanda, huku joto la dunia likipanda. Kilichopanda ni hewa ukaa: kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa kama sehemu 280 katika kila milioni za hewa, vipimo vya Mauna Loa, mlima ulioko Hawaii, vilipoanza mwaka 1958 ilikuwa 315 hivi, sasa imepita 420.

Na kuna ushahidi ninaoupenda kuliko wote. Lingekuwa jua, hewa ingepata joto kuanzia chini hadi juu. Vipimo vinaonyesha hewa ya chini imepata joto, na ya juu, ile ya stratosfia, imepoa. Huko juu, hewa ukaa ikiongezeka hulitupa joto anga za mbali kwa wepesi zaidi. Wanasayansi Syukuro Manabe na Richard Wetherald walilikokotoa hilo mwaka 1967, kabla hatujapata vipimo vya kulithibitisha.

Usiniamini kwa sababu mimi ni mama yako. Tafuta kipimajoto, ukisome jua linapozama na tena kabla ya kucha, na uandike kama anga ilikuwa safi au ya mawingu. Mawingu nayo hunasa miale ya joto, kwa hiyo angalia ni usiku upi unaopoa zaidi. Fanya hivyo siku kumi. Mimi nitafanya hivyo hivyo huku niliko, na Jumapili ya pili tutasomeana nambari zetu kwenye simu.

Mama yako akupendaye