Printa yangu imekufa, mume wangu anaiita kichezeo

Anti shikamoo. Naandika saa tisa usiku, sijalala, na jana pia sikulala, kwa hiyo nikiruka mambo naomba unisamehe. Printa yangu ya picha imekufa, hii wiki ya tatu sasa. Ukiiwasha inaguruma, hedi, ile sehemu inayomwaga wino, inasogea kidogo halafu inajibamiza pembeni ka ka ka, taa zinapepesa zote kwa pamoja na kwenye kompyuta inakuja feto ero, zima uwashe tena. Nazima, nawasha, ni yale yale. Mwanangu wa kidato cha pili ndo aliniambia feto maana yake ya mauti. Nilijifungia chooni nikalia, na sio kwa ajili ya printa peke yake, ni lile neno la mume wangu.

Alisema kichezeo. Mbele ya wifi yangu na mbele ya fundi, "hicho si kichezeo tu, mnagombania nini?" Anti, kichezeo! Mashine niliyoikopea kikoba laki sita na themanini, nikarejesha miezi minane sikuchelewa hata wiki moja. Mwaka juzi alivyopunguzwa kazini akakaa nyumbani miezi mitano, kodi ililipwa na nini? LUKU ilinunuliwa na nini? Ni picha za pasipoti ninazoprinti kwa mashine hiyo hiyo. Karatasi moja ya sentimita 10 kwa 15 zinaingia pasipoti 8, nauza nne kwa elfu mbili, we piga hesabu Januari pale wazazi wanapohangaikia picha za watoto wanaoingia kidato cha kwanza. Watu wanatoka mpaka Kongowe wanakuja kwangu Mbagala wanaziacha steshenari za huko kwao, kwa sababu mashine yangu ni ya wino rangi sita, ukiacha nyeusi, njano, bluu na pinki za kawaida kuna bluu hafifu na pinki hafifu, ndo maana sura ya mtu inatoka laini haina vidoadoa. Hicho ndo kichezeo.

Sasa chanzo. Wifi yangu huyo, mdogo wa mwisho wa mume wangu, ana send-off Jumamosi ya wiki ijayo. Akaniomba aprinti kadi kwangu apunguze gharama, nikakubali kwa moyo mweupe, sikumwambia hata habari ya wino na wino wenyewe unajua bei yake. Ila nilimwambia wifi, karatasi iwe ya picha, isizidi unene wa ile ninayotumia mimi. Nikaenda zangu kikoba. Kurudi nakuta kadi ngumu kama ubao, halafu zile zenye unga wa kumeta, unga umejaa mezani, umejaa mpaka ndani ya mashine. Na kadi moja ilikwama akaivuta kwa nguvu kutokea mbele, mwenyewe alisema kwa mdomo wake, sijamsingizia.

Kuanzia siku ile mashine ikawa inaprinti mbili, ya tatu inajigonga na kutoa hiyo ero. Nikizima nikawasha inaendelea. Kwa hiyo naomba hili ulishike Anti, ilianza kuharibika mikononi mwake, mimi niliipokea tayari mbovu.

Fundi wa kwanza wa hapa mtaani hakuifungua hata, akasema bodi imepigwa na umeme, lete laki mbili na nusu. Nikamwambia asante. Wa pili katoka Kariakoo alikuja nyumbani Jumapili, huyo ndo fundi kweli, alichomoa umeme kwanza akaacha kama dakika kumi, akamulika ndani kama kuna kipande cha karatasi au pini, hakikuwepo, akasukuma hedi kwa mkono taratibu ikaenda mpaka mwisho ikarudi bila kukwama. Halafu akatuonyesha utepe mwembamba wa plastiki unaopita nyuma ya hedi toka upande huu mpaka huu. Anasema ule utepe una mistari midogo sana, kwa macho unaona kama kivuli tu, na hedi ina jicho linalosoma ile mistari ndo inajua imefika wapi. Utepe ukichafuka na grisi au wino au huo unga, jicho linapoteza hesabu, hedi inaenda mpaka inagonga, mashine inasimama yenyewe isije ikavunjika. Kumbe hiyo ero ya mauti ni mashine inajilinda.

Mume wangu ndo alikuwa ameshika tochi. Fundi akauangalia ule utepe muda mrefu, akauliza, nani kaufuta huu, na kaufutia nini? Hapa katikati umekuwa mweupe, mistari imeondoka.

Nikasema sijui.

Anti usinihukumu haraka. Nilikuwa nimeona kwenye simu wanasema utepe ukichafuka unafutwa na kitambaa laini chenye maji kidogo tu. Nilifanya hivyo hivyo, doa halikutoka, na nje kulikuwa na mama ananisubiri, anataka picha ya marehemu mume wake ya kuweka kwenye jeneza, gari la kwenda kuzika linaondoka saa nane. Ningefanya nini? Nikachukua dawa ya kutolea rangi ya kucha. Kitambaa kikatoka na weusi weusi nikafurahi, nikajua uchafu umetoka. Kumbe ndo mistari yenyewe. Toka hapo haijatoa karatasi hata moja, na yule mama aliondoka bila picha, namwota.

Sasa niliposema sijui, wote wakamgeukia wifi. Na mimi nikawa tayari nimewaka, namwambia atanunua mashine mpya, kamili, na boksi lake. Yeye badala ya kubisha akasema, "labda ni mimi, nilipangusa ule unga na tishu." Tishu alipangusia nje, kwenye mfuniko! Ndo hapo mume wangu akasema kichezeo. Angesema pole mke wangu, pole tu, nahisi ningesema ukweli pale pale. Ila mtu umeshaitwa kichezeo kazi yako, mbele za watu, ukimwambia na mimi nilipaka dawa ya kucha si ndo umempa la kusema mpaka kiama? Wewe ungeweza?

Jumanne wifi akaja asubuhi sana, akanipa elfu themanini, kasema ni ya saluni na ya nguo ya kubadilisha ukumbini, nyingine atamalizia akishaolewa. Nimeifunga kwenye kona ya kanga, iko kabatini, sijaigusa. Sitaki hela yake kabisa. Ila pia nusu ya gharama ni haki yake kulipa, maana bila zile kadi mimi ningefuta utepe wa nini?

Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba fundi wa Kariakoo anasema utepe anaweza kuutoa kwenye mashine iliyokufa ya aina ile ile, pamoja na ufundi elfu thelathini na tano. Basi! Ila kasema tusichelewe maana hedi ikikaa wiki na wiki bila kufanya kazi wino unakaukia kwenye matundu, halafu hapo ndo utapona utepe ukaumwa hedi. Leo kapiga tena simu anauliza aje au asije, nimemwambia nitamjulisha. Akija atauliza tena utepe ulifutiwa nini, na mume wangu Jumapili yupo nyumbani.

Kwa hiyo naomba unishauri Anti, nimwite atengeneze au nitafute mpya tu, maana mashine ikishaandika feto ero wengine wanasema haitulii tena. Na kama natengeneza natumia hela ipi. Na hiyo elfu themanini nikiirudisha niseme nairudisha kwa nini, maana siwezi kumpa tu kimya kimya, ataniuliza, na akijua atamwambia kaka yake, na kaka yake kwanza aniombe radhi kwa lile neno, mimi sitangulii. Au nitangulie? Mimi ndo nimepangwa kukaa na wifi meza kuu siku ya send-off.

Jana usiku kanitumia picha kwenye simu, kavaa kitenge cha mama yao marehemu, amependeza mno. Kaandika, wifi yangu, mashine ikipona naomba uniprintie hii kubwa nitaiweka mezani pale ukumbini, isipopona usijali. Nimeifungua mara sijui ngapi. Sijamjibu mpaka sasa.

Ni mimi mama wa pasipoti, Mbagala