Sherehe zetu za Magharibi mwa Kenya zitangazwe mapema, na saa ziwekwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako maana hii kitu imenikaa rohoni tangu Disemba. Mimi ni mtu wa Kakamega lakini kazi iko Nairobi, na kila Krismasi narudi nyumbani kama wengine wote. Mara hii nilikuja na shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, mzaliwa wa Mombasa ambaye hajawahi kupita Nakuru, na nilikuwa nimemjaza maneno mwaka mzima kuhusu mafahali wetu, vile wanatembezwa alfajiri hadi uwanjani na ngoma zetu za isukuti zinapigwa, vijana wanapuliza filimbi na kupunga matawi, halafu wawili wanaachiliwa wanagongana pembe mpaka mmoja ageuke akimbie, na hapo umati nao unatawanyika maana fahali akishindwa haangalii amekanyaga nani. Hakuna mtu na upanga pale, hiyo nilirudia sana juu alikuwa ameona ile ya Uhispania kwa tivii.

Basi nikauliza ni lini. Binamu mmoja akasema Jumamosi Khayega. Mwingine akasema hapana, Malinya, na si Jumamosi. Nikapigia ofisi moja ambayo nilidhani hiyo ndiyo kazi yake, nikaambiwa niulize watu wa huko. Lakini mimi si ndio mtu wa huko!

Jumamosi tukaamka, tukanywa chai bila haraka, tukafika Khayega saa tatu na nusu tukijiona tumewahi. Kando ya barabara kuna mzee ameketi kwa kiti cha plastiki, akamwangalia shemeji na kofia yake na kamera shingoni, akasema, "Aah vijana wangu, fahali alikimbia kitambo. Saa mbili hapa kulikuwa kumeisha." Uwanjani tulikuta nyasi zimelala, maganda ya miwa kila mahali, na watoto wawili wameinama wanasukumana vichwa huku wa tatu akiwapigia jerikeni. Shemeji akawapiga picha hao. Ndiyo picha pekee ya mafahali aliyorudi nayo Mombasa.

Ili kumtuliza nikampeleka Ilesi kuona lile jiwe linalolia, liko tu hapo njiani ukirudi Kakamega mjini, jiwe refu la kama mita 40 limebeba jingine kichwani na maji yanateremka kama machozi. Akaniambia, "Shemeji, hili linanililia mimi."

Sasa angalia wenzetu Wamaragoli. Sherehe yao ya utamaduni ni Mbale, kaunti ya Vihiga, tarehe 26 Disemba, kila mwaka, kwisha. Mtu akiwa Nairobi ama Marekani anajua, anapanga likizo, anakata tiketi kabla nauli haijapanda, anakuja na wageni wake. (Mwambie tu mgeni ni Mbale ya Vihiga, asije akafuata ramani ya simu akajikuta Uganda.) Kwani sisi Waisukha na Waidakho wa Kakamega, wenye hawa mafahali, tunashindwa na nini?

Najua nitaambiwa mambo ya mafahali hayapangiki, wenye fahali wanaongea kwa simu, mmoja ameumia mguu, kwingine kuna matanga, mechi inasogezwa. Sawa. Lakini hata wiki mbili mbele ni kitu, na hizo za Krismasi na Mwaka Mpya hazijawahi kuwa siri. Na hata siku ikibadilika, saa haibadiliki sana, ni asubuhi kabla jua halijawa kali. Laiti mtu angeniandikia tu hayo maneno mawili, "fika alfajiri", shemeji angeona!

Halafu kuna hii isukuti yenyewe. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na watu wetu wakafurahia hilo jina la UNESCO bila kusoma hayo maneno ya "kulindwa haraka". Maana yake wapigaji wengi wamezeeka na vijana hawachukui. Zile ngoma tatu, baba, mama na mtoto, pamoja na baragumu ya pembe, zinataka watu wa kuzibeba na kuzipiga, na mtu hawezi kupiga kuanzia usiku wa manane kwa kupewa soda. Wageni wakija kwa wingi na walipe kitu kidogo langoni, huyo mpigaji naye atapata sababu ya kumfundisha mwanawe.

Ila kuna kitu kimoja sitaki kibandikwe kwa mabango na saa yake, na hiyo ni tohara ya Wabukusu kule Bungoma. Inajulikana ni Agosti ya mwaka shufwa, kama 2024 na 2026, na kijana akipita barabarani na chinyimba zake, zile kengele za mkononi, akialika jamaa kwa nyimbo, hakuna anayekuzuia kusimama uone, hata kucheza utacheza. Lakini mambo ya mtoni na matope na kisu ni ya boma na ukoo wake, na mtoto wa miaka kumi na kitu hajakubali kuwa picha ya mtu wa mbali. Mgeni akitaka kwenda hadi huko, aulize wenye boma kwanza, wakikataa arudi.

Ninachoomba ni karatasi moja, si mamilioni. Itoke kufikia Juni hivi, iseme ni sherehe gani, siku gani, uwanja upi, inaanza saa ngapi na mtu ashukie steji gani. Zile redio zetu za lugha ya mama zisome, na siku ikisogezwa zitangaze tena.

Shemeji amenipigia wiki iliyopita. Kazini kwao likizo ya Disemba inaombwa mapema, na ameniuliza aandike tarehe gani. Nimemwambia asubiri kidogo.

Mwana wa Isukha,
Nairobi