Misiba ya Nome haikupaswa kufanywa kivutio cha filamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii nieleze masikitiko yangu juu ya filamu ya The Fourth Kind, inayosimulia watu wanaodaiwa kuchukuliwa na viumbe wa sayari nyingine, iliyotoka Marekani Novemba 2009 na ambayo hadi leo wapo wanaorushiana kwenye simu wakiapa kwamba yote yaliyomo ni ya kweli. Ninazipenda sana filamu za kutisha zinazotengenezwa kana kwamba ni mikanda iliyookotwa, na hii niliketi kuitazama kwa hamu.

Mwanzoni kabisa mwigizaji Milla Jovovich anajitaja jina, kisha anatuambia kwamba ataigiza nafasi ya Dakta Abigail Tyler, mtaalamu wa saikolojia katika mji wa Nome, Alaska, na kwamba tutaonyeshwa pia video halisi za mtaalamu huyo akiwahudumia wagonjwa wasiopata usingizi, ambao wote humwona bundi mweupe dirishani usiku. Kwa sisi tuliolelewa kuambiwa kwamba bundi akilia juu ya paa kuna msiba, hilo pekee lilitosha kunisisimua mwili. Kumbe Dakta Tyler hajapata kuwapo. Mwanamke aliyedhoofu tunayemwona katika hizo video zinazoitwa halisi ni mwigizaji kutoka Uingereza, Charlotte Milchard. Hata Nome, mji ulio ufukweni mwa Bahari ya Bering katika nyika isiyo na miti, umeonyeshwa ukiwa umezingirwa na misitu, kwa kuwa picha zilipigwa Bulgaria na Kanada.

Ningeweza kuyasamehe hayo kama filamu ingenitisha. Paranormal Activity, iliyotamba mwaka huohuo, nayo ilijifanya mkanda halisi, lakini ilikuwa na subira: kamera imetulia chumbani, watu wamelala, nawe unaukodolea macho mlango ukihofia utajisogeza. Katika The Fourth Kind kioo cha filamu kinagawanywa mara mbili, waigizaji upande mmoja na hao "halisi" upande wa pili, wakisema maneno yaleyale kwa wakati mmoja, hata mtazamaji asijue amwonee nani huruma. Tena kila jambo la kutisha linapokaribia, picha inachafuka kwa mikwaruzo, na fumbo la binti wa Dakta Tyler aliyetoweka linaachwa bila kufumbuliwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Nome wapo watu waliotoweka kweli, na wengi wao walikuwa wenyeji wa asili wa Alaska waliokuja mjini kutoka vijijini. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilichunguza mashauri zaidi ya 20 ya vifo na kupotea huko, likaona kwamba chanzo kikubwa kilikuwa pombe na baridi kali, na baadhi ya miili haikupatikana kamwe. Kuna mama ambaye hajazika mwanawe, halafu anakuja mtengeneza filamu na kuutangazia ulimwengu kwamba watu wa mji huo wamechukuliwa na viumbe wa sayari nyingine, akiapa kwamba ushahidi anao.

Wewe Mhariri, unayejua thamani ya jina la gazeti, utaelewa uzito wa jambo la mwisho. Katika kuitangaza filamu hiyo, kampuni ya filamu ya Universal iliweka mtandaoni habari za kubuni zilizobandikwa majina ya magazeti halisi ya Alaska, na baada ya magazeti hayo kulalamika ilikubali kuziondoa na kulipa dola 20,000 kwa chama cha waandishi wa habari cha huko, Alaska Press Club. Waliodanganyika na habari hizo hawakulipwa kitu, na bila shaka wengi wangali wanaziamini.

Ombi langu ni kwamba ukurasa wenu wa burudani, kila unapoitaja filamu hii au nyingine ya namna yake, uwaeleze wasomaji waziwazi kwamba Dakta Tyler ni wa kubuni na kwamba waliopotea Nome ni watu wa kweli.

Msomaji wenu,
Morogoro