Gile peke yake haisimamishi kamyo

Bwana Mhariri,

Kila mfanyakazi wa barabara anapogongwa hapa Lubumbashi, ahadi ya kwanza huwa ni gile mpya, yaani vizibao vya rangi kali vyenye mikanda ya kuakisi. Zinagawiwa, picha zinapigwa, halafu kazi inaendelea kama jana: watu sita wameinamia shimo katikati ya lami, na koni mbili zimesimama hatua tano mbele yao. Sisi tunaofanya na kusimamia kazi hizi hatuna ugomvi na gile. Ila gile ni kinga ya mwisho, na inayokosekana kwetu ni ile ya kwanza, yaani umbali.

Hesabu yake si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Dereva anahitaji kama sekunde mbili na nusu kuona, kuelewa na kupeleka mguu kwenye breki, na kwa muda huo mita 55 zimekwisha bila mwendo kupungua hata kidogo. Kusimama kwenyewe kunataka mita 70 na zaidi, tena kwenye lami kavu na kwa breki nzima. Jumla ni karibu mita 130. Kwa mwendo wa 60 ni kama mita 85, kwa 40 ni 45, na kwa 30 ni 30 hivi. Kamyo (lori) iliyosheheni sahani za shaba, inateremka na breki zimeshapata moto, inadai zaidi ya hapo. Zile koni mbili za hatua tano zinampa dereva habari ambayo gari lake haliwezi tena kuitii.

Kwenye barabara ya njia mbili, kama ile ya Likasi au ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kufunga upande mmoja kunaanza mbali sana na shimo lenyewe. Zinahitajika alama tatu zilizopishana mita 150: ya kwanza inasema watu wako kazini, ya pili inashusha mwendo, ya tatu inasema njia imebaki moja. Zisimikwe juu, walau mita moja na nusu kutoka ardhini, maana masika yakishika majani ya pembeni huimeza alama iliyoegemezwa kwenye jiwe. Baada ya alama anasimama mshika bendera, kisha koni tano au sita zinazokata njia kwa mshazari, ndani ya mita 15 hadi 30 tu. Wapo wanaotaka mshazari huo urefushwe ili upendeze. Hapana. Ukiwa mrefu, dereva anadhani anaelekezwa taratibu kuingia upande wa pili, naye anaingia bila kusimama. Ukiwa mfupi anaona wazi kuwa mbele pamezibwa. Koni ziwe za sentimita 70 kwenda juu, zenye mikanda miwili ya kuakisi. Zile za sentimita 45 ni za mchana, kwenye mitaa ambako magari yanakwenda polepole.

Kisha inafuata nafasi tupu, na hapa ndipo shantie zetu nyingi, yaani maeneo ya kazi, zinaposhindwa. Kati ya koni za mshazari na mtu wa kwanza lazima pabaki mahali ambapo gari lililopotea linaweza kusimama kabla halijamfikia mtu. Urefu wake ni ule wa hesabu tuliyoionyesha, na upimwe kwa mwendo ambao magari yanaingia nao kweli. Kama alama inasema 40 na watu wanaingia na 60, pima ya 60. Mahali hapo pakionekana patupu panatamanisha: mtu anamwaga kokoto, mwingine anaegesha pikipiki, mama muuza mayai na karanga anaweka beseni lake hapo kwa sababu wateja wako karibu. Kufikia saa nne asubuhi hakuna nafasi tupu tena, kuna soko. Msimamizi ampangie huyo mama mahali salama nyuma ya kazi, mbali na lami. Kumfukuza hakusaidii, maana chakula kinatakiwa na atarudi palepale.

Shantie ikiwa na kamyo ya mchanga, ijazwe na iegeshwe mita 30 hadi 50 kabla ya wafanyakazi, breki ya mkono imekazwa, gia imeingizwa, na magurudumu ya mbele yamekatwa kuelekea ukingoni ili ikigongwa isiwafuate watu. Kabini iwe tupu. Na chini yake pia pawe patupu: saa sita ya mwezi wa kumi, kivuli cha kamyo hiyo ndicho kivuli pekee, na utawakuta watu wamejilaza humo na bukari (ugali) yao, mgongo ukiegemea tairi. Kamyo ya kukinga iliyolaliwa haimkingi mtu. Ukitaka watu wasikae chini yake, tandika turubai mahali pengine.

Mshika bendera mara nyingi anachaguliwa yule asiyejua kazi nyingine. Ni kosa, kwa sababu ndiye anayeshika maisha ya wengine wote. Asimame peke yake kwenye ukingo, asisimame kamwe kwenye njia iliyo wazi, na kabla hajainua bendera awe amekwisha kuchagua pa kukimbilia: mtaro au korongo lililo nyuma yake likimzuia, basi amesimama pabaya. Asikae zamu zaidi ya saa mbili, maana baada ya hapo macho yanaona na akili haioni. Washika bendera wawili, mmoja kila ncha ya eneo la kazi, lazima waonane. Kona au mlima ukiwatenga, simu si ya kutegemewa, kwani mtandao hukatika na vitengo (salio la simu) huisha. Tumieni kijiti: dereva wa mwisho wa kundi anapewa kijiti kilichopakwa rangi, anakibeba hadi ncha ya pili na kukikabidhi. Kijiti kisipofika, hakuna gari linaloachiwa. Ni njia ya zamani, haina betri na haidanganyi.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo maelekezo yaliyoandikwa kwingine hayalitaji. Kongo tunatembelea kulia, Zambia wanatembelea kushoto, na mabadiliko yanafanyika Kasumbalesa. Kamyo nyingi zinazotoka Zambia, Tanzania na Afrika Kusini zina usukani kulia, kwa hiyo huku dereva wake anakaa upande wa ukingo. Mtu wa pembeni anamwona vizuri. Mtu aliye upande wa katikati ya barabara, karibu na tairi la mbele la kushoto, hamwoni kabisa. Sasa fikiria njia moja imefungwa: magari yanayobaki kwenye njia yao yanawapita wafanyakazi kwa upande wa kushoto, yaani upande ule kipofu. Hapo koni za katikati zisogezwe ndani ya eneo la kazi, ibaki walau mita moja kati ya koni na koleo la mtu wa karibu, na asiwepo anayefanya kazi akiipa mgongo njia hiyo. Mshika bendera anayetaka kuzungumza na dereva wa kamyo kama hiyo asikatize mbele ya bampa. Amsubiri upande wa kulia.

Turudi kwenye gile, maana nayo ina mambo yake. Kitambaa cha rangi kali kinafanya kazi mchana tu: kinachukua mwanga wa jua usioonekana na kuutoa kama mwanga unaoonekana. Usiku hakina msaada, na hapo kazi ni ya mikanda ya kuakisi, inayorudisha mwanga wa taa kule ulikotoka. Kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 20471, gile ya daraja la pili iwe na mita ya mraba 0.50 ya kitambaa cha rangi na 0.13 ya mkanda wenye upana wa sentimita 5. Nyingi zinazouzwa sokoni hazifiki hapo. Rangi nayo ina ubishi. Gile ya machungwa kiangazi, mbele ya udongo wetu mwekundu na vumbi lake, inapotea. Ya njano inayoelekea kijani inapotea masika mbele ya majani. Kama bajeti inaruhusu moja tu, tungechagua ya njano, kwa sababu vumbi linakuja pamoja na jua la jioni, na dereva anayeelekea Likasi saa kumi na moja za kiangazi ana jua usoni. Bora zaidi ni yenye rangi zote mbili.

Kuipima ni rahisi. Itundike gizani, rudi nyuma mita 50, weka tochi kando ya jicho lako, si kiunoni, kisha mulika. Mkanda uwake kama taa. Ukiona kijivu, umekufa, hata kama gile inaonekana mpya. Kinachoua mkanda ni vumbi lililosuguliwa kwa brashi, jiki na pasi. Ifuliwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, na lebo ya ndani isomwe, kwa sababu huonyesha idadi ya mafuo inayovumilia.

Akina mama wanaofagia mjini hawafungi barabara, kwa hiyo mengi ya hapo juu hayawafikii. Kwao hatari inaanzia kwenye ufagio. Ufagio mfupi wa vijiti unamwinamisha mtu, kichwa kinatazama chini na mgongo unatazama magari. Mpini wa mita moja na nusu unamfanya asimame wima na kuona mbele. Afagie akielekea magari yanakotoka, na toroli yenye bendera au koni itangulie hatua kumi mbele yake, upande huo wa magari. Saa za kufagia zisianze kabla ya kupambazuka kwa sababu tu lami ni tupu: lami tupu ndiyo inayopigiwa mbio.

Kundi lingine halihesabiwi kama wafanyakazi wa barabara, nao ni mafundi wanaotengeneza kamyo iliyokwama. Matawi ya miti wanayoyatandaza ni desturi inayoeleweka mchana, ila usiku hayaakisi kitu. Pembetatu mbili za kuakisi, moja kila upande, zisipungue mita 100 kutoka kwenye kamyo, na kama kuna kona ziwekwe kabla ya kona. Kabari za mbao mbili kwa gurudumu moja, na gogo au stendi chini ya ekseli kabla mtu hajaingiza kichwa, maana kriki (jeki) inapoteza mafuta kimyakimya na kamyo nyingine ikipita kwa kasi upepo wake unaitikisa iliyoinuliwa. Kamyo ikishaondoka, mawe yaliyokuwa kabari hubaki kwenye lami. Yaondolewe kabla ya injini kuwashwa, kwa sababu anayekuja kuyakuta usiku ni mtu wa pikipiki.

Kanuni ya Kazi ya 2002 inamtaka mwajiri alinde usalama na afya ya watu wake, kwa hiyo hatuombi sheria mpya. Tatizo liko kwenye karatasi ya bei. Usalama ukifichwa ndani ya gharama za jumla, mjenzi anayeununua kweli anakuwa ghali na kazi inaenda kwa asiyeununua. Wanaotoa kazi, wawe mji, jimbo au kampuni za migodi, wauandike kama mstari wake wenyewe: alama ngapi, koni ngapi pamoja na akiba ya mbili kwa kila kumi kwa ajili ya zitakazokanyagwa au kuibiwa, washika bendera wangapi, kwa bei ya siku. Msimamizi azihesabu saa moja asubuhi na tena saa nane mchana, na hesabu ikipungua, mstari huo usilipwe kwa siku hiyo. Mikataba ya kufagia mji nayo iwe na mstari huo, ukianza na mpini wa ufagio.

Mafundi na wasimamizi wa kazi za barabara,
Lubumbashi