Modeli ipimwe kwa rula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na wanaoandaa mashindano ya kazi za mikono hapa Kigoma. Nina ombi moja tu: kazi inayoitwa modeli, yaani kitu halisi kilichotengenezwa kwa udogo, ihukumiwe kwa vipimo.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Mwanga, na kazi hii nimeianza mwaka 1994. Jioni nikishafunika mashine huwa natengeneza meli ndogo. Nilianza na viboti vya kuwachezea wanangu. Watoto wakakua wakaondoka, mimi nikaendelea. Miaka mitatu iliyopita nikaanza Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Marehemu baba alikuwa mbeba mizigo bandarini, na honi ya meli hiyo ikilia tulijua nyumbani kuna siku mbili tatu za kula vizuri.

Kwa wasomaji wa mikoa mingine niseme kidogo. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha takribani 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli hadi huku. Ikaunganishwa upya hapa hapa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe vitani, lakini mafundi wao walitangulia kuipaka mitambo grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 ikakutwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Kila nikishika kipande cha modeli yangu nawakumbuka wale waliopokea makasha stesheni wakaanza kutafuta kipande gani kinakaa wapi.

Yangu ni ya skeli 1:100. Meli yenyewe ina mita 71 na ushee, kwa hiyo yangu ina sentimita 71 na ushee. Sentimita moja mezani kwangu ni mita moja ziwani. Mwili wake ni tabaka sita za mbao za paini zilizogandishwa kwa gundi, nikazichonga kwa patasi na kuzisugua kwa msasa, na kila nikisugua kidogo naweka kiolezo cha karatasi ngumu ubavuni nione mwanga unapenya wapi. Panapopenya mwanga hapajakaa sawa. Ubavu wa kushoto ulinichukua mwezi mzima hadi ukafanana na wa kulia.

Riveti, ile misumari ya kubana mabati, zilinisumbua zaidi. Mabati ya Liemba yameshikwa kwa riveti maelfu, na kichwa cha riveti ukikipunguza mara mia kinakuwa kama chembe ya chumvi laini. Nilijaribu matone ya gundi kwa ncha ya sindano, yakatoka makubwa kama vitunguu. Siku moja nahamisha alama za pateni kwenye kitambaa cha sare, nikakitazama kile kigurudumu chenye meno nilichokishika kila siku kwa miaka yote hiyo. Nikachukua karatasi ya alumini, nikaiweka juu ya kipande cha zulia, nikapitisha kigurudumu kwa nyuma. Nilipoigeuza, mstari wa riveti umesimama, umenyooka, nafasi sawa kwa sawa. Nilikaa pale na taa hadi saa sita usiku.

Na bendera. Mtu angedhani fundi cherehani hashindwi na bendera. Ya kwanza niliishona kwa poplini nyembamba kuliko zote dukani, ikasimama mlingotini kama ubao. Nikaitazama kwa kioo cha kukuzia nikaelewa: kwa skeli ile, uzi mmoja wa poplini ni kama kamba nene ya manila. Ya sasa ni ya karatasi laini sana, nimeilowesha kwa maji yenye gundi kidogo, nikaikunja ikiwa mbichi. Inaning'inia kama nguo.

Mwaka jana nikaipeleka kwenye mashindano mkoani kwetu. Waandaaji siwataji, maana nia yangu ni warekebishe mambo. Meza ilikuwa moja kwa kila kitu: vikapu, meli yangu, ndege ya waya, nyumba ya ghorofa yenye vitaa vya betri. Majaji watatu walipita kwa dakika chache. Mmoja alitaka kuiona meli kwa chini, akainyanyua kwa kushika mlingoti. Kamba nne zikakatika hapo hapo. Alisema pole, nami nikaitikia.

Iliyoshinda ni ghorofa. Kijana aliyeijenga amefanya kazi, na taa zake zilipendeza. Lakini nilikuwa na futi yangu shingoni kama kawaida, nikapima. Mlango wa chini una sentimita 9. Gari lililoegeshwa mbele yake lina sentimita 6. Katika nyumba za kweli gari dogo la kawaida ni refu karibu mara mbili ya kimo cha mlango. Pale watu wa nyumba ile wasingeweza hata kuingiza mguu kwenye gari lao. Hakuna aliyemwambia, na mwaka huu atarudi na ghorofa kubwa zaidi yenye kosa lile lile.

Kilichonifanya niandike ni kazi nyingine. Pembeni alikaa mwanafunzi wa kidato cha pili kutoka Kibirizi, na mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, ile ya kuvulia dagaa usiku, pamoja na taa zake na wavu. Kwenye kadi ameandika kwa kalamu: "Skeli 1:20". Nikamuuliza wavu umetokana na nini. Akasema, "Soksi za nailoni, mama. Kwanza niliweka chandarua. Halafu nikapiga hesabu, dagaa wa hapa atakuwa milimita nne, mwembamba. Matundu ya chandarua angepita." Nikamuuliza, nani angeona? Akajibu kwamba baba yake ni mvuvi, angeona.

Kijana huyo hakupata hata cheti cha kushiriki, kwa sababu kazi yake "ni ndogo". Neno hilo nimelisikia kwa masikio yangu.

Wenzetu wa nje wamelishughulikia jambo hili zamani. Uingereza kuna chama cha wajenzi wa modeli za plastiki tangu miaka ya 1960, na chenye matawi nchi nyingi. Mashindano yao hutenganisha meli, ndege, magari na sanamu za watu, na aliyeunga vipande vya kununua kwenye boksi hawekwi pamoja na aliyechonga kila kitu mwenyewe. Jaji huanza na mambo ya msingi: maungio yamezibwa, gundi haijavuja, mabawa yamekaa sawa pande zote. Rangi na madoido hufuata. Hata skeli zao zina maelezo yake. Moja inayopendwa ni 1:72, na sisi wa futi na inchi tunaielewa mara moja: mtu wa futi 6 ana inchi 72, basi kwenye modeli anakuwa inchi moja kamili.

Sisi hatuhitaji fedha kufanya hivyo. Modeli zipewe meza yake, mbali na vikapu na vitenge, ambavyo navyo vinastahili majaji wanaovijua. Kila mshiriki aandike skeli kwenye kadi, na jaji aje na rula ahakiki vitu viwili vitatu: mlango, ngazi, kimo cha mtu. Asishike kazi ya mtu bila mwenyewe kuwapo. Na kabla hajaondoka aandike sentensi mbili, kilichokaa vizuri na kilichokosewa, ampe mhusika mkononi. Hilo la mwisho naliomba kuliko yote. Mimi nimejifunza kushona kwa sababu bibi aliyenifundisha alikuwa anafumua mshono mbele yangu na kunionyesha ulipopinda.

Kama kuna mwandaaji atakayesoma barua hii na hana wa kupima, nipo tayari kuja bila malipo, Jumamosi au Jumapili, na futi yangu. Mitumbwi ya yule kijana iko dukani kwangu juu ya kabati la vitambaa, aliniachia kwa sababu kwao watoto wadogo wangeivunja. Wateja wanaosubiri nguo huiuliza bei. Nawaambia haiuzwi, ila wasogee waangalie wavu.

Fundi cherehani,
Mwanga, Kigoma