Propela ya Mombasa isipimwe kwa macho Kisumu

Kwa Mhariri,

Mtu anayenunua boti ya starehe ya kutembelea Ndere, Mbita au Rusinga huuliza injini ina nguvu za farasi ngapi na inakunywa petroli kiasi gani. Propela, yale mabawa yanayozunguka chini ya injini na kuisukuma boti, huipokea jinsi ilivyokuja. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini hilo ni kosa la gharama, kwa sababu kuna injini zinazofunguliwa na kubadilishwa vipuri ilhali hazina ugonjwa wowote. Zimefungwa tu propela isiyolingana na ziwa hili.

Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Naivasha iko juu zaidi, karibu mita 1,890. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini ya kawaida isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Injini iliyoandikwa farasi 115 hubaki na kama 102 Kisumu, na Naivasha hushuka hadi 93 hivi. Maji, kwa upande wake, hayapungui uzito kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo propela inadai nguvu ile ile iliyokuwa ikidai Mombasa kutoka kwa injini iliyopungukiwa. Ndiyo maana boti iliyokuwa nyepesi kule Mtwapa pwani, ikishushwa Dunga hapa Kisumu ikiwa na abiria watano, huinua omo (mbele) juu, ikakokota tezi (nyuma) na kuchelewa kulala sawa juu ya maji.

Kwenye kitovu cha propela au ubavuni mwake utakuta nambari mbili, kwa mfano 13¼ x 17. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi, yaani inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapenya kitu kigumu, mfano wa skrubu kwenye mbao. Pichi ndiyo ya kushughulikia kwanza. Ukiipunguza kwa inchi moja, injini hupanda kwa mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Ukiiongeza, hushuka kwa kiasi hicho. Kwa hesabu hiyo, boti iliyokuwa sawa usawa wa bahari ianze kujaribiwa Kisumu na propela yenye pichi pungufu kwa inchi moja, na Naivasha pungufu kwa inchi mbili. Nasema ianze, kwa kuwa mwamuzi wa mwisho ni jaribio.

Nambari ikiwa imefutika, pichi hupimika. Laza propela juu ya meza iliyonyooka, kitovu kikae bapa. Chagua bawa moja na upime, kwa umbali ule ule kutoka katikati, kimo cha ukingo wa mbele na kimo cha ukingo wa nyuma. Kisha pima nyuzi zilizopo kati ya kingo hizo ukitazama kutoka juu. Tofauti ya vimo ikiwa inchi 2.5 katika nyuzi 60, zidisha kwa 6: pichi ni 15. Rudia kwa kila bawa.

Sasa jaribio lenyewe. Boti ibebe mzigo wake wa kila siku: watu, maji ya kunywa, nanga, majaketi ya kuokoa maisha na tangi nusu au zaidi. Kuijaribu ikiwa na nahodha peke yake na galoni moja ya petroli ni kujidanganya. Toka mahali penye kina na pasipo nyavu, asubuhi kabla upepo haujaamka, sukuma mkono wa mafuta hadi mwisho, rekebisha mwinamo wa injini mpaka boti ikimbie vizuri, halafu usome geji ya mizunguko. Linganisha na kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha injini hiyo hasa. Injini nyingi za mipigo minne za ukubwa huu zimewekewa 5,000 hadi 6,000, na lengo ni kufika nusu ya juu ya kiwango hicho. Tuseme propela ya pichi 17 imeishia 5,300 nawe unataka 5,700. Pengo ni 400, basi tafuta pichi 15. Ukishaifunga, jaribu tena ukiwa na watu wawili tu, uhakikishe haivuki 6,000.

Injini isiyofikia kiwango chake hulemewa. Joto ndani ya silinda hupanda, petroli hulipuka vibaya na kugonga pistoni, masizi hujaa, na mwenye boti anaongeza mafuta akidhani anaongeza mwendo. Hali hii huua injini polepole na kimyakimya, nami naiona mbaya kuliko kinyume chake. Pichi ikiwa ndogo kupita kiasi, injini hupiga kelele, hugonga kikomo chake cha mizunguko na mwendo haupandi. Angalau hapo nahodha anasikia.

Ipo hesabu ya kujua kama propela inashika maji. Gawa mizunguko ya injini kwa uwiano wa gia, zidisha kwa pichi, kisha zidisha kwa 0.001524. Unapata kilomita kwa saa ambazo boti ingekimbia bila kuteleza hata kidogo. Injini ikiwa 5,500, gia 2 kwa 1 na pichi 17, jibu ni kama 71. GPS ya simu ikionyesha 60, mtelezo ni karibu asilimia 16, jambo la kawaida. Boti nyingi za starehe huwa kati ya 10 na 20. Ikionyesha 48, tafuta tatizo kwingine kabla hujanunua propela.

Na huko kwingine ni kwingi. Kebo ya mafuta inaweza kuwa haifungui hadi mwisho. Tumbo la boti linaweza kuwa na mwani, au povu la ndani ya sakafu limelewa maji na kuongeza kilo nyingi zisizoonekana. Injini ya kabureta iliyotegeshwa pwani hupata petroli nyingi kuliko hewa huku juu, hivyo jeti zake (vitundu vinavyopitisha petroli) zibadilishwe kwanza. Zenye injekta hujirekebisha zenyewe. Injini ikipiga kelele ghafla boti inapokata kona, mara nyingi imefungwa juu mno au imeinuliwa mno, na propela inavuta hewa. Lile bapa lililo juu ya propela likae sawa na chini ya boti, au lisizidi inchi moja juu yake. Na ikiwa injini inapanda lakini boti haiongezi mwendo, shuku raba iliyo ndani ya kitovu. Chora mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, endesha, halafu tazama: vipande viwili vya mstari vikiwa vimepishana, raba imeachia. Rudi nchi kavu polepole.

Kuhusu chuma cha pua dhidi ya aluminiamu, nina msimamo. Chuma cha pua hakipindi kirahisi na mabawa yake ni membamba, hivyo hukimbia zaidi. Lakini ghuba yetu ina mawe karibu na ufuo, na Naivasha ina migunga iliyozamishwa maji yalipopanda. Aluminiamu ikigonga, bawa hupinda au kukatika na gharama inaishia hapo. Chuma cha pua kikigonga, raba ya kitovu isipoachia kwa wakati, pigo huingia kwenye shafti na gia. Kwa anayezunguka karibu na nchi kavu, aluminiamu yenye akiba moja ndani ya boti ni busara kubwa kuliko chuma kimoja cha bei ghali.

Mabawa matatu yanatosha boti nyingi. Anayebeba familia nzima kila Jumapili au kuvuta wachezaji wa kuteleza majini anaweza kufunga manne: boti hupanda mapema, hushika vizuri kwa mwendo mdogo na mtikisiko hupungua. Hupoteza mwendo kidogo wa juu, na pichi kwa kawaida hupunguzwa kwa inchi moja.

Gugumaji halina propela inayoliweza kwa kasi. Mabawa yaliyolala nyuma hulitema vizuri zaidi, lakini mizizi bado huziba tundu la maji ya kupozea injini. Likinasa, zima, ng'oa kamba ya usalama, inua injini, ondoa kwa mkono. Hatari zaidi ni uzi wa nailoni wa nyavu zilizotupwa: hujizungusha nyuma ya propela, ukakata sili (raba inayozuia maji), maji yakaingia kwenye oili ya gia. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, usiendeshe. Propela ifunguliwe kila baada ya safari chache ili kukagua uzi huo tu.

Kuifungua hakuhitaji gereji. Gia iwe huru, kamba ya usalama itolewe, nyaya za plagi zichomolewe ili injini isiwake kwa bahati mbaya. Weka kipande cha mbao kati ya bawa na lile bapa. Toa pini, nati, washa (kile kipete bapa cha chuma), kisha propela, na uangalie ile washa nene ya nyuma isianguke majini. Ikirudishwa kinyume au kusahaulika, kitovu husaga giaboksi. Paka grisi isiyooshwa na maji kwenye meno ya shafti, kaza nati kwa kipimo cha kitabu, weka pini mpya ya chuma cha pua. Kagua tena baada ya safari ya kwanza.

Kwa mafundi wenzangu wa jua kali wanaonyoosha mabawa kwa nyundo: pimeni kila bawa mezani kama nilivyoeleza. Bawa moja likitofautiana na wenzake, boti hutikisika, beringi hulika na sili huvuja, na mteja ataambiwa anunue injini.

Wauzaji nao nawaomba jambo moja. Kabla ya kupokea pesa, mpelekeni mnunuzi ziwani na mzigo kamili, kisha andikeni kwenye risiti kipenyo, pichi na mizunguko iliyofikiwa. Mnunuzi naye asitie sahihi mpaka aione nambari hiyo ya mizunguko.

Fundi wa injini za boti,
Kisumu