Asante, kaka uliyeligeuza lile gitaa

Kaka yangu, jina lako sikuliuliza, na hilo bado linaniuma. Siku ile dukani nilikuwa nimeshashika gitaa la umeme lenye daraja linaloelea, yaani kile kipande kinachoshikilia nyuzi hakijakazwa kabisa kwenye mbao, kwa sababu bei niliimudu na ule mkono wa kuyumbisha sauti ulinivutia. Ukaligeuza, ukanionyesha springi zinazovutana na nyuzi. Kisha ukalegeza uzi mmoja tu, na zile tano zilizobaki zikapanda sauti! Mimi napenda kushusha uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kutoka noti ya E hadi D. Kwa gitaa lile ningeteseka kila siku, maana kila nikiushusha nyingine zingepanda.

Ukanipa Squier Telecaster, daraja limekazwa kwa skrubu kwenye mbao, umbo ambalo Fender, kampuni yenye chapa hiyo ya Squier, wanalo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hukuishia hapo. Ulichungulia shingo kama imenyooka, ukapiga kila noti ukisikiliza mkwaruzo, ukalinganisha sauti ya uzi mtupu na ya fureti ya 12, kile chuma chembamba cha 12 shingoni. Haraka hukuwa nayo hata kidogo.

Sasa nashusha na kupandisha uzi ule nitakavyo, nyingine hazitikisiki. Asante sana, kaka. Mungu akubariki popote ulipo.